Moyo wa Idrisa Kiganjani

Siku hizi, katika uwanja wa besiboli wa Tanga, ukishika mkono wa kiti unausikia moyo wa mchezaji umtakaye ukidunda kiganjani. Bi Mwanahawa alikuja na mumewe Sefu, binti yao Nasra na kikapu cha visheti, wamtazame Idrisa, kifungua mimba wao, akipiga.

Idrisa aliinua gongo, akaangaza macho jukwaani. Mama akampungia. Moyo wa kijana ukaruka, na uwanja mzima ukaangua kicheko: "Kamwona mamake huyo!"

Lakini glavu ya mrushaji nayo ilidunda kwa moyo huo huo, akajua Idrisa kazubaa. Akaachia mpira papo hapo, Idrisa akapiga hewa.

"Mama Idrisa, unamponza mtoto," Sefu alisema huku akicheka. "Kabakiwa na nafasi moja. Hebu jifiche."

Bi Mwanahawa akajifunika kanga gubigubi.

"Mama, anakutafuta," Nasra alinong'ona.

Hakuhitaji kuambiwa. Chini ya kanga alikuwa amekishika kiti, na moyo ule ulienda mbio kama wa mtoto aliyepotezana na mamake sokoni. Uwanja mzima ulikuwa kimya, ukiusikiliza.