Mkurugenzi Mpya

Mukashyaka alijiandikia barua ya kupandishwa cheo mara tatu kabla ya kuridhika nayo. Ya kwanza ilimsifu kupita kiasi. Ya pili ilikuwa na kosa la Kifaransa. Ya tatu akaigonga muhuri wa kampuni, akaweka tarehe ya mwezi uliopita, kisha akaiga sahihi ya mwenyekiti aliyeko Kinshasa. Sahihi hiyo haikumpa taabu. Alikuwa sekretari wa kampuni ile ya mikopo ya nyumba kwa miaka kumi na tisa, na alikuwa ameshaizoea kuliko ya kwake.

Mkurugenzi mwenyewe alivuka mpaka kwenda Gisenyi kabla mji haujapata wakubwa wengine. Hakuaga mtu. Akiba za wateja zilikuwa zimeshahamishwa. Kilichobaki Goma ni viti, makabati, na watu waliofika kila asubuhi kuulizia hati za nyumba zao.

Rémy, mhasibu, aliyekuwa amejificha nyumbani wiki nzima, alimkuta amekaa katika kiti kikubwa cha ngozi.

"Mama Gisubizo! Unafanya nini mu kiti ya boss?"

"Nafanya kazi. Mie njo directrice."

Akamsogezea barua iliyomtaja kuwa mkurugenzi. Rémy aliisoma akiwa amesimama, akatikisa kichwa.

"Banque zote zimefungwa, makuta hakuna ya kulipa mutu, batu banatupa hata badge zao. Weye unajitafutia cheo?"

"Nilifundisha ma-directeur ine hii kazi, Rémy. Bote balitoka Kinshasa, bote balinikuta hapa."

"Sawa, lakini si leo. Bwana yako akisikia hii, Papa Gisubizo, atasema nini?"

"Hatasema kitu," alijibu, akaenda kufungua lango.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Umuhire, muuza mkaa wa mtaa wa Murara. Alimaliza kulipia nyumba yake miaka miwili iliyopita, ila hati ilibaki kabatini kwa sababu mkurugenzi hakupata nafasi ya kuisaini. Mukashyaka aliisaini hapo hapo. Mama yule aliitazama karatasi, akaikunja, akaisukuma ndani ya blauzi, akatoka mbio bila asante, kama anayeogopa kuitwa arudi.

Ilipogonga saa sita, hati thelathini na moja zilikuwa zimeondoka. Mukashyaka alijua kila jina, kila kiwanja, nani alilipa kwa kuuza ng'ombe wa Masisi na nani kwa kuuza maharagwe ya mji wa Kiwanja. Mkono ulimuuma. Na kusema kweli alifurahi, kiasi cha kuona aibu. Kazi ile aliiweza, na siku zote alijua kwamba aliiweza.

Kisha akafunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vya misa, akampa Rémy funguo za makabati.

"Benye watakuja, uwape karatasi zao. Nimeshatia signature ku zote."

"Na weye unaenda wapi?"

"Kujionyesha ku wakubwa."

"Ili wakupigie saluti?" Rémy alizitupa funguo mezani. "Batu banalia mu huu mji, weye unatafuta heshima. Sikukudhania hivyo, mama."

Akatoka barabarani. Alisimamisha pikipiki ya abiria, akapanda, akashuka mbele ya jumba la kando ya ziwa ambako wenye nguvu wapya walikuwa wamefungua ofisi yao. Mlangoni alitoa barua yake. Ndani, afisa mmoja aliyevaa kiraia aliisoma barua mara mbili, polepole.

"Kumbe directrice ni weye."

"Ni mie, tangu mwezi ulipita. Habari yote ya makuta ya kampuni, muniulize mie. Ule mutu mulikamata ku bureau yetu, mulikosea. Haiko directeur, iko sentinelle tu, mulinzi wa lango. Alivaa tu koti ya zamani ya boss, juu ya baridi ya usiku. Mumuachilie arudi kwake."

"Siku ine tunamuuliza, hafungui kinywa," alisema afisa. "Huyu mutu wa lango ananyamaza hivyo kwa sababu gani?"

Akaamuru aletwe.

Mtu yule aliingia akijishika ukutani. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na miguu ilikuwa peku. Afisa akainua barua ili aione, akamweleza cheo cha mama aliyesimama pale, na kwamba ndiye atakayebaki kuulizwa habari za pesa tangu sasa.

"Unamujua huyu mama?"

Mtu yule alimtazama Mukashyaka, kuanzia kitambaa mpaka viatu vya misa. Mukashyaka alimwomba kwa macho akubali.

"Simujue," akasema Papa Gisubizo. "Directeur ni mie."