Mche wa Parachichi

Mzee Elifuraha alimkuta Mchungaji Nakiete akichuma mchicha nyuma ya nyumba ya usharika, akamkabidhi mche wa parachichi.

"Panda kwa mkono wako, Mchungaji, ukae nasi."

Nakiete alitabasamu. Alikuwa mchungaji wa mpito, wa mwaka mmoja tu, na kwenye mafunzo waliambiwa waziwazi: pandeni mboga, miti waachieni wenyeji.

"Mti huu ukianza kuzaa nitakuwa nimeshaondoka. Chimba wewe, mzee wangu. Mzee Ndelilio atakushikia mche."

Elifuraha alikunja uso. Ndelilio alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, akijifanya anasoma matangazo. Tangu mchungaji aliyepita aondolewe, mmoja akimtetea na mwingine akimpinga, wazee wa kanisa hao wawili hawakupeana hata salamu.

"Mche hausimami wenyewe," Nakiete alisema. Akamwita Ndelilio, akampa mche mkononi, kisha akarudi kwenye mchicha wake na kuwapa mgongo.

Jembe lilisikika kwa muda mrefu kuliko shimo lilivyohitaji. Halafu likanyamaza.

"Ushike wima," Elifuraha alisema.

"Nimeushika. Wewe tia udongo."

Nakiete aliendelea kuchuma, ingawa kikapu kilikuwa kimeshajaa.