Rada ya Mjomba Kolumbani

"Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Ofisi ya Masafa ya Redio, nakutaarifu rasmi kwamba gari lako linarusha mawimbi angani bila leseni, kinyume cha sheria na usalama wa ndege za abiria!"

Mhandisi Mkuu aliyetoa tamko hilo zito alikuwa amejifungia chooni, simu sikioni, vidole viwili vikibana pua. Jina lake Modesti, kidato cha tano, yuko likizo kwa mjomba wake pale Mwembesongo. Kupitia tundu la mlango alimwona mjomba mwenyewe, Mzee Kolumbani, amesimama uani wima kama anaimba wimbo wa taifa.

"Ni rada, mkuu," mzee alisema kwenye simu yake. "Nimeikuta tu humo. Gari lenyewe mtumba wa Japani."

"Rada! Hata jeshi huiombea kibali. Ing'olewe leo, au gari tunalitaifisha."

"Kutaifisha? Si siku hizi ni soko huria, mkuu?"

"Soko ndilo huria, mzee. Hewa bado ni ya serikali."

Modesti alikata simu, akauma mkono wa shati asicheke.

Mjini walimwita Kolumbani dereva wa masikio. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na kisu cha daktari alikiogopa kuliko kifo. Lakini ile rada ilikuwa ikilia ti-ti-ti kila kitu kilipotokea mbele, na kwa mlio huo mzee alipanda milima ya Mgeta kila Jumamosi kufuata kabichi, akashuka salama, kuwe na ukungu, kusiwe na ukungu.

Jioni hiyo fundi Hamza alisimama mbele ya gari akijikuna kichwa.

"Shikamoo, mzee. Sasa nikiitoa hii, kule juu utaona kwa kitu gani?"

"Marahaba. Njia ile naijua tangu sijaota meno."

"Na sasa yameshang'oka, mzee!"

"Hamza, serikali imepiga simu." Kolumbani akamgeukia mpwa wake. "Wewe ndiye msomi wetu. Unasemaje?"

Modesti alikohoa kwa heshima. "Sheria ni sheria, Mjomba." Akampa Hamza bisibisi kwa mkono wake mwenyewe.

Mezani mzee alirudia wimbo wake wa tangu Pasaka. "Jumatatu naenda kwa wakili. Nyumba, ghala, mashamba, vyote naandikisha kwa wanangu, kabla serikali haijaja na simu nyingine."

Dada yake Paskalia, mama wa Modesti, aliweka kijiko chini. "Kaka, kwetu Waluguru mali ya mjomba ni ya mpwa."

"Hayo ya mabibi, dada. Soko huria hili."

Modesti alicheka kuliko wote, akaomba aongezewe mlenda.

Jumamosi ukungu ulishuka hadi barabarani. Kwenye kona moja ya Mgeta lori la kabichi lilikuwa limepasuka tairi, na utingo alikuwa ametandaza matawi nyuma yake kama ilivyo desturi, ili wenye magari waone. Matawi hayapigi kelele. Kolumbani aliingia chini ya lori bila kugusa breki.

Msibani, Hamza aliomba neno.

"Nimekwenda kuuliza Ofisi ya Masafa. Mhandisi huyo hawamjui, na amri hiyo haipo."

Akaiomba simu ya marehemu, akatafuta namba iliyotoa amri, akaipiga.

Mlio ukatokea mfukoni mwa Modesti.

Alianguka kifudifudi mkekani. "Ni mimi! Ulikuwa mzaha jamani, mzaha wa bwenini! Sikujua!" Alilia hadi kamasi zikagusa mkeka. Mjane, Regina, ndiye aliyemwinua, akamfuta uso kwa kanga yake mwenyewe.

"Tumwache," alisema mzee wa ukoo. "Mtoto akichezea moto haujui moto. Adhabu yake ataibeba moyoni."

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulimvika Modesti jina la mjomba wake, kama mila inavyotaka kwa mtoto wa dada, na pamoja na jina wakamkabidhi nyumba, ghala na mashamba. Regina na wanawe walifunga vyombo kwenye mashuka, wakarudi kwao Gairo. Modesti aliwasaidia kupakia.

Kesho yake, kabla ya misa, alipiga magoti kwenye kiti cha maungamo.

"Mwanangu," Padre alisema kwa upole, "ule mzaha ulishauungama mbele ya ukoo mzima. Umebakiza dhambi gani?"

"Uongo, Padre," alinong'ona. "Niliwaambia ulikuwa mzaha."