Bangili ya Rukaya

Rukaya alipotimiza miaka kumi, bangili yake ya ulinzi ilivuliwa mkononi, kama sheria inavyotaka kwa watoto wote. Enzi za kutambaa ilimvuta mkono yenyewe mbali na ndoo ya maji. Alipoanza shule, ikamzuia asikimbilie barabarani. Hakuwa na kovu hata moja, na Hidaya, mama yake, aliwaringia majirani kwa hilo.

Siku hiyohiyo, Hidaya akikaanga maandazi, Rukaya alipeleka vidole kwenye mafuta ya moto, taratibu, akisubiri kuvutwa kama alivyozoea. Mama akamdaka mkono.

“Ungeungua, mwanangu.”

Mtoto akamtazama kwa udadisi. “Mama, kuungua kukoje?”

Maandazi yakaanza kunuka moshi, naye Hidaya bado hajauachia mkono ule.