Jani Kwenye Meno ya Tingatinga

Leitare alilifunga jani la mti wa namele kwenye meno ya tingatinga, akakaza kamba mpaka vidole vikauma.

Watu wote ufuoni wakageuka. Jani lile ni mwiko: likifungwa kwenye kitu, hakiguswi tena, na huwekwa na chifu peke yake. Chifu mwenyewe, mjomba wake, alikuwa pale pale na kofia mpya ya kampuni ya kuchimba mchanga kichwani.

"Litoe, dada. Tangu lini wewe ni chifu?" dereva akapaza sauti kutoka juu.

"Litoe wewe. Au mikono umeiacha nyumbani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Leitare akamgeukia mjomba wake.

"Mchanga huu ukichukuliwa, bahari itaingia kwenye viazi vikuu vyetu. Tutakula kofia?"

Mzee akaja juu, akanyoosha mkono kuling'oa.

"Ling'oe, mjomba," akasema taratibu, bila kupisha. "Ling'oe mbele ya hawa wote. Kesho ukiweka la kwako, nani ataliogopa?"

Vidole vya mzee vikaligusa jani, vikasita.

Injini ikazimwa. Dereva alikuwa akishuka kwa upande wa pili, akilikwepa jani kwa mbali.