Kaseti ya Tano

Krrr, krrr. Sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha Fransiska alfajiri, ikitokea jikoni gizani.

Akamkuta baba mkwe wake kando ya mafiga, anachomoa utepe wa kaseti kwa kidole kimoja. Tepe za kaseti nne za disko alishazitandaza shambani, zinametameta juu ya ulezi ili zitishe ndege. Hii ya tano ilikuwa haiguswi. Ndiyo waliyoicheza na marehemu mkewe, enzi za suruali za bugaluu.

“Shikamoo, baba. Hiyo si ile ya mama?”

“Marahaba. Ndege wamehamia upande wa bondeni, mwanangu. Ulezi ukiisha, mjukuu wangu atakunywa uji wa nini?”

Utepe ulimjaa mapajani, mweusi, mwembamba, ukitetemeka kila alipopumua.

Fransiska akachukua kalamu, akaichomeka kwenye tundu la kaseti, akaanza kuurudisha utepe taratibu. Mzee hakumzuia. Aliushika tu usijisokote, na mguu wake ukawa unapigapiga sakafu.

“Na ndege je?” akauliza.

Mlangoni alikuwa amesimama mjukuu wake, kajifunga khanga ya mama yake, debe bovu mkononi.

“Nitawafukuza mimi, babu.”