Mteja wa Mazoezi

"Karibu, mheshimiwa. Jisikie uko nyumbani," Jaafar alikiambia kitanda.

Kitanda hakikujibu. Jaafar akajifuta jasho, akarudia, safari hii akitabasamu kwa meno yote. Alikuwa seremala wa Msambweni, mwenye mkono mwepesi na ulimi mzito. Mteja akimuuliza bei, yeye hutazama randa yake kana kwamba ndiyo itakayojibu. Karakana ilikuwa imejaa vitanda vya mbambakofi visivyonunuliwa, na mwenye jengo alikuwa amekwisha kumdokezea, kwa upole, kwamba kuna muuza simenti anayeitamani nafasi hiyo. Tumaini lililobaki lilikuwa maonyesho ya biashara ya Ukunda.

Shangazi yake, Mwanapili, aliyekuja kutoka Mkongani kumjulia hali, alimkuta katikati ya salamu hizo, akashika kiuno.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, mbao haziombi kupunguziwa bei. Wewe wataka mtu. Kuna binti wa rafiki yangu kule kisiwani Wasini, aitwa Muhsina. Shuleni alikuwa akishinda vikombe vya maigizo. Nitamwambia aje kesho, ajifanye mteja mkorofi. Nawe usimwonyeshe kuwa wajua. Mchukulie kama mteja wa kweli."

Kisha akarudi zake Mkongani.

Kesho yake alasiri, mwanamke aliyevaa miwani ya jua alipiga hodi.

"Fundi, hii kitanda ni pesa ngapi? Naitwa Hannah. Nafungua nyumba ya wageni Diani, nataka kama hii kwa vyumba zote."

Jaafar nusura apige makofi. Jina la bara, Kiswahili cha bara, hata miwani! Binti wa Wasini, na mtu angeapa kwamba hajawahi kuonja maji ya chumvi.

Alitaka kumpokea kama alivyokipokea kitanda, lakini akaishia kuitazama randa. Akataja bei. Akaipunguza kabla hajaombwa. Akarudi nyuma kwa adabu, akaupiga teke mkebe wa vanishi, ukamwagikia kiatu chake mwenyewe.

"Nitarudi," mwanamke alisema.

"Karibu, mheshimiwa. Jisikie uko nyumbani," Jaafar alitamka hatimaye, kwa ufasaha kabisa. Mwanamke alikuwa amekwisha kuvuka barabara.

Alijicheka mpaka adhana ya magharibi. Heri yamemfika mazoezini, alijiambia.

Mwanamke aliporudi siku chache baadaye, Jaafar alikuwa mtu mwingine. Alikuwa amesikia redioni kwamba mfanyabiashara hapaswi kuonekana ana njaa, kwa hiyo alikaa, akakunja nne.

"Wateja ni wengi, lakini nitakutazamia nafasi," alisema, buibui wa darini akiwa shahidi wake pekee.

"Na mchwa?"

Hapo Jaafar alifunguka. Alieleza jinsi mbambakofi unavyomshinda mchwa, jinsi chaga zinavyopangwa ili kitanda kisilie mtu anapojigeuza, na kwa nini yeye hatumii msumari pale panapotosha ulimi wa mbao uliochomekwa tunduni. Alieleza vizuri mpaka akatamani kukinunua mwenyewe.

Mwanamke alivua miwani. "Nimezunguka mafundi wengi. Hakuna mwenye ameniongelesha hivyo."

Akafungua mkoba, akaweka bahasha nene juu ya meza ya kazi. "Hii ni ya kuanza kazi. Ingine nikichukua vitanda."

Jaafar aliangua kicheko. Uigizaji gani huu, hata bahasha umeibeba! Akaisukuma irudi kwake.

"Basi, dada, yatosha. Umefuzu. Mwambie mamako amezaa mwigizaji."

"Unanicheka?"

"Lo! Hata hasira waziweza!"

Mwanamke aliichukua bahasha yake, akatoka bila kuaga. Jaafar alibaki akipangusa machozi ya kicheko, akisikitika tu kwamba hakupata nafasi ya kumshukuru.

Siku ya maonyesho, Jaafar alizungumza kama aliyelishwa asali. Watu walisimama, wakasikiliza, wakachukua kadi zake. Mzee mmoja alimuuliza anagombea kiti gani. Kitanda hakikununuliwa hata kimoja.

Banda la mkabala lilikuwa la Boga, fundi wa Ukunda, ambaye hakuwa amejiandaa kwa lolote. Alikuwa amelala fofofo juu ya bidhaa yake mwenyewe. Saa sita hivi, yule mwanamke wa miwani alimwamsha. Wakazungumza kidogo. Bahasha ileile ikatoka mkobani.

Jaafar aliguswa moyo. Kumbe binti wa watu anawasaidia mafundi wote!

"Boga, usiwe na wasiwasi!" alimpigia kelele kwa wema. "Ni mazoezi tu!"

Hakuna aliyegeuka. Boga aliandika risiti, akapeana mkono na mwanamke. Baadaye lori likaja, likapakia vitanda vyake vyote, na Jaafar akamwonea huruma: maskini Boga, atahangaika kweli kuvishusha tena.

Alikuwa bado akitikisa kichwa alipomwona Mwanapili akikatiza katikati ya watu, amemshika mkono msichana mwembamba aliyetembea kwa kujikokota.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Tuwie radhi, mwanangu, nami nimejua leo tu. Huyu ndiye Muhsina. Homa ilimwangusha usiku uleule niliokuahidi, hata kuvuka kuja Shimoni hakuweza. Ndiyo kwanza atoka kitandani."